Nyayo Haziishii Kwetu

Mswagaji alipita kwangu Jumanne asubuhi, mke wangu Bernadetha akiwa anakamua. Hakupiga hodi. Huwa hapigi. Nilipotoka nje na mswaki mdomoni nikakuta ndoo ya maziwa imefunikwa sahani, ndama amefungwa, mlango wa zizi umerudishiwa mti wake, na mkamuaji hayupo. Hata kuondoka duniani Bernadetha aliondoka kwa utaratibu.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Huku kwetu siku hizi watu hawafi kitandani. Zamani mtu aliugua, mkauza mbuzi, mkampeleka hospitali, akafa hivyo hivyo. Sasa anakuja Mswagaji. Anapita na fimbo kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani, anapiga mluzi, na yule ambaye mluzi ni wake anaacha alichoshika na kumfuata. Hakuna maiti wala jeneza. Mafundi wa majeneza ndio walioumia, wengine sasa wanatengeneza makabati. Waliobaki nyumbani wanalia, wananyoa nywele, wanachinja, wanakula, imekwisha. Alikuja mkubwa mmoja kwa gari, akasimama kwenye vumbi letu, akasema jambo hili wanalifanyia kazi. Mwaka uliofuata na yeye aliswagwa, akiwa katikati ya hotuba. Nafikiri huko aliko bado analifanyia kazi.

Basi nikatema povu, nikaangalia chini. Nyayo zilikuwa wazi kabisa. Kulikuwa na alama za tairi, maana Mswagaji anavaa katambuga za tairi la trekta, na kando yake nyayo za mguu mtupu za Bernadetha. Mguu ule naujua. Nimeuona ukinitangulia shambani miaka yote ya ndoa, kwa sababu alilima haraka kuliko mimi na hakuacha kunikumbusha.

Nikiwa nimeinama pale ndipo akili ikaniingia. Sisi tuna sheria ya nyayo. Ng'ombe wako wakiibwa unapiga yowe, kijiji kinatoka, mnafuata nyayo. Zikivuka mpaka, mnawakabidhi kijiji cha pili mbele ya mashahidi wenu: hizi hapa zimeingia kwenu, zitoeni. Wakizitoa, wanakabidhi cha tatu. Kijiji ambacho nyayo zimeingia na hazikutoka, hicho ndicho kinarudisha ng'ombe, hata kama mwizi hawamjui. Na mwizi akikutwa kabla hajavusha mto, mwenye mali akaweka mkono wake juu ya ng'ombe na kijiji chake kikasema kinadai, ng'ombe anarudi na hakuna maneno zaidi. Sheria hii hakuna mkubwa aliyeitunga, ndiyo maana inafanya kazi.

Nikajiuliza, kama ng'ombe anarudi, Bernadetha kwa nini asirudi?

Nikapiga yowe.

Walitoka kama nyuki. Mikuki, mapanga, pinde, mmoja na mwiko wa ugali. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu Wangwe, anahema.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Dume au jike?"

"Jike."

"Ana alama gani?"

"Ni Bernadetha."

Mikuki ikashuka yote kwa pamoja. Wangwe akavua kofia. "Pole sana, mura. Pole. Lakini sasa yowe la nini? Umetutoa kwenye uji."

Kabla sijamjibu ikaingia pikipiki ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Rubeni. Huyu ni mtu aliyechaguliwa kwa sababu ana sauti, na tangu achaguliwe hatujaisikia tena. Alikuwa tayari amevaa koti la msiba.

"Joram, ndugu yangu, tulia," akasema. "Turubai linakuja. Nimeshaagiza viti vya kijiji."

"Sitaki viti. Nipe watu wawili wa kusimama shahidi, tufuate nyayo. Bado mbichi, zinaelekea Mosongo."

Akaangalia pale chini kama mtu aliyeona nyoka. "Sheria ya nyayo ni ya ng'ombe."

"Kwa hiyo ng'ombe ana thamani kuliko mke wangu?"

"Sijasema hivyo! Bernadetha alikuwa na thamani kuliko ng'ombe wengi."

"Wengi tu?"

Watu wakaanza kucheka, kisha wakakumbuka ni msiba, wakakohoa. Rubeni akanivuta pembeni, karibu na lundo la samadi. Wakubwa wakitaka kukuambia ukweli wanatafuta mahali panaponuka.

"Fikiri kama kiongozi," akaninong'oneza. "Kijiji chetu ni njia. Unajua wangapi wameswagwa wakapitishwa hapa? Tukianza leo kufuata nyayo za watu, kesho atakuja mtu kutoka sijui wapi: nyayo za mama yangu ziliingia kwenu, zitoeni. Tutazitoa na nini? Tutawarudisha marehemu wa tarafa nzima?"

"Tukiweza, tuwarudishe."

"Wakale wapi, Joram? Huna mipango wewe."

Kisha akageuka, akapaza sauti, ile ile tuliyomchagulia. "Jamani, leo ng'ombe watoke mapema. Wapitie hapa kwa Joram, njia ni fupi."

Kila mfugaji aliyekuwa pale alielewa. Njia ya kufuta nyayo ni kupitisha kundi juu yake, kwato zikishapita hata shetani hawezi kusoma. Wangwe aliangalia kofia yake kama mtu aliyekuwa hajawahi kuiona. Nikasikia kengele za ng'ombe zinakuja kutoka kwa Rubeni mwenyewe, maana yeye ndiye mwenye kundi kubwa, na kundi kubwa lilianza baada ya uchaguzi, lakini hayo tuyaache.

Nikakimbia mbele ya ng'ombe. Sikuchukua viatu wala fimbo. Aliyenifuata ni mbwa wangu, Diwani. Nilimpa jina hilo kwa kuwa anaonekana wakati wa chakula, na akishashiba humwoni mpaka msimu mwingine. Siku hiyo alinishangaza.

Mosongo ndiko alikozaliwa Bernadetha. Njia inapita kando ya shamba la mama yake, na pale kandokando ya mihogo niliona kanga nyekundu, nikasimama ghafla na kugeuza uso. Alikuwa mama mkwe wangu, Robi.

Mkurya hasogei karibu na mama mkwe wake. Humpi mkono, humtazami usoni, hupiti njia moja naye mkagusana hata nguo. Akija mbele, unaingia porini. Mimi na Robi tumeheshimiana hivyo tangu nioe, na kwa kweli tulipendana kwa sababu hiyo. Mtu usiyemwona hawezi kukuudhi sana.

Robi naye alinipa mgongo, akasema na mbwa.

"Diwani, mwambie mwenye mji wako kwamba nimemwona mwanangu akipita. Nimemwita, hakugeuka. Nimemwita jina la utoto, hakugeuka."

"Diwani," nikasema, "mwambie mama kwamba naenda kumrudisha."

"Mwulize na nani."

"Mwambie peke yangu."

"Kijiji kizima kimekosa mwanaume?"

"Kina mwenyekiti."

Robi akatema mate upande. Akachomeka jembe lake kwenye tuta, akajifunga kanga kiunoni. "Diwani, mwambie tunaenda wote. Yeye apite upande wa kushoto wa njia, mimi wa kulia. Na asikohoe kohoe nyuma yangu."

Mpakani mwa Mosongo, upande wa kutokea, tulimkuta mwenyekiti wao, mama mmoja mnene aitwaye Scholastica, ameweka kiti cha plastiki katikati ya njia. Habari ilishamfikia. Nikamwamkia, nikamwonyesha nyayo, nikamwambia namkabidhi kwa sheria.

"Shahidi wa kijiji chenu yuko wapi?"

"Hakunipa."

"Basi hujanikabidhi kitu, baba. Mtu akitembea na mama mkwe wake bila shahidi wa kijiji hiyo si kesi, ni maajabu." Akanyanyuka, akaangalia upande wa pili wa kiti. "Halafu zimetoka, unaziona? Zimeingia, zimetoka. Haziishii kwetu. Nendeni salama, mfike."

Tulipopiga hatua chache nikageuka. Alikuwa anaburuta tawi la mti nyuma yake, anafagia njia, huku anaimba wimbo wa kanisani.

Tulitembea. Jua likapanda. Mtu anayefuata nyayo hawezi kutembea polepole, kila upepo ukipuliza unaona unafutiwa. Niliona kila ng'ombe ni adui, kila wingu ni mwizi. Nyayo nyingine ziliongezeka njiani, watoto kwa wakubwa, wote nyuma ya yale matairi, hakuna aliyeburutwa, hakuna aliyekimbia. Ng'ambo ya mto, upande wa Genkuru, vilima vya mawe ya mgodi vilikuwa vinang'aa kama vichwa vilivyonyolewa. Robi alikuwa ng'ambo ya njia, kwenye majani, haachi kusema.

"Diwani, mwambie huyo bwana kwamba mwanaume mwenye akili anakamua mwenyewe siku mojamoja."

"Mwambie mama kwamba hakukuwa na ng'ombe aliyenikubali."

"Ng'ombe wana akili. Mwambie hata yule wa mwisho wa mahari alikuwa kilema."

"Mwambie alikwama kwenye daraja."

"Mwambie alizaliwa hivyo, na tulimpokea kwa ajili ya mwanangu, alikuwa analia ndani kwamba tusipompokea anatoroka."

Hilo nilikuwa silijui. Niliendelea kutembea, lakini nililibeba.

Kabla ya mto kuna mahali njia inashuka katikati ya mawe mawili makubwa. Panapita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Ng'ombe wanazungushwa mbali, ila watu wanashukia hapo. Kutoka upande wa pili wa mawe tukasikia mluzi, na maji. Robi alikuwa mbele, akaingia kati ya mawe, na goti lake likakataa. Akakwama pale kama kizibo.

"Pita!" akaniita. Kwa mara ya kwanza hakumtumia mbwa.

"Nitapitaje, mama?"

"Juu yangu, kama mbuzi!"

"Mama, siwezi kukugusa."

"Wanavuka!"

Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Nakuambia ukweli, mguu ulikataa. Nimewahi kusimama mbele ya fisi, nimewahi kusimama mbele ya bunduki ya mtu kule machimboni, sikutetemeka vile. Kama Rubeni angenipa hata mlevi mmoja angalau angesimama katikati yetu. Diwani alituangalia mmoja baada ya mwingine, akapita kwenye miguu ya Robi, akashuka zake.

Ndipo Robi akaivuta kanga yake, akajifunika kichwa na uso mpaka kifuani.

"Haya," akasema kutoka ndani ya nguo. "Mimi sipo. Hapa ni gunia. Panda gunia upite."

Nikapanda. Nikakanyaga bega, nikaomba msamaha kwa bega, nikateleza upande wa pili nikaanguka kwenye mchanga wa Mto Mara kwa magoti.

Kundi lilikuwa linakunywa. Watu kama wa gulio la kijiji hivi, wamesimama kando ya maji na macho ya usingizi. Baadhi walikuwa wameshaanza kuvuka, maji kiunoni, mmoja mmoja, na waliofika katikati sikuwaona tena. Mamba walikuwa wamelala ng'ambo, hawakuwa na habari nao. Mswagaji alikuwa amekaa juu ya jiwe, anashona katambuga kwa waya. Ni mzee mrefu, koti refu la vumbi, na alikuwa na mafua.

Bernadetha alikuwa bado nchi kavu. Nikamfikia, nikamwekea mkono begani, nikashika.

"Nimeweka mkono!" nikapiga kelele. "Kabla ya maji! Nimeweka mkono!"

Mke wangu akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa kanisani.

"Joram? Umekuja bila viatu?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Peke yako?"

"Na mama yako. Amekwama pale kwenye mawe."

"Sasa wewe umempitaje?"

Nikajipangusa mchanga magotini.

"Joram. Umempitaje mama yangu?"

"Juu."

"Umemgusa mama?"

"Bega. Alikuwa gunia."

"Yesu na Maria!" Akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na nikamwona mzee ninayemfahamu wa Mugumu mjini, aliyesimama karibu naye, fundi cherehani Abdurahmani, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akaamka kidogo na yeye akatabasamu. Ninavyoambiwa hakuna aliyewahi kucheka kwenye kundi lile.

Mswagaji akapiga chafya, akashuka kwenye jiwe.

"Mkono ni mkono," akasema. "Nimeuona. Sheria yenu naifahamu, nimepita vijiji vyenu muda mrefu kuliko walioviweka. Kijiji kinasemaje?"

"Mimi ndiye mume."

"Umeweka mkono, sawa. Anayedai ni kijiji. Shahidi?"

"Mimi hapa!" Robi alitokea, anachechemea, kanga ubavuni, Diwani nyuma yake. "Mimi nimemzaa!"

"Shikamoo, mama."

"Sikuitikii!"

"Una haki," akasema Mswagaji. "Lakini wewe ni wa Mosongo. Anayedai ni kijiji alikotoka. Jamani, mimi mwenyewe ni mswagaji tu. Zizi si langu. Nikifika na upungufu bila maneno ya kijiji, wakubwa wangu wataniuliza." Akajipangusa pua na mkono wa koti. "Hawajawahi kuja huku hata siku moja, lakini kuuliza wanajua."

Nilimwelewa mtu yule. Nisikudanganye, katika wote niliokutana nao siku ile ni yeye peke yake aliyenijibu nilichouliza.

"Mwenyekiti yuko mbali," nikasema.

"Hata sauti yake inatosha. Aseme tu: kijiji kinadai mtu wake. Nasubiri mpaka wamalize kunywa."

Nikatoa simu kwa mkono wa pili, maana wa kwanza sikuweza kuuondoa begani. Simu ikanitumia ujumbe wa kunikaribisha Kenya, ingawa nilikuwa nimesimama Tanzania miguu yote miwili. Nikabonyeza, ikakataa.

"Lete," akasema Bernadetha. "Wewe hata salio hujui kuongeza."

Akaipiga mwenyewe. Akaweka sauti ya nje. Ikaita muda mrefu huku watu wanamaliza kunywa na kuinuka mmoja mmoja.

"Halo? Niko kikaoni."

"Mwenyekiti, ni Bernadetha."

"Bernadetha yupi?"

"Wa Joram. Uliyemlilia asubuhi."

Kwa nyuma tukasikia sahani. Kikao kilikuwa kinakula chakula cha msiba wangu.

"Bwana asifiwe," akasema Rubeni kwa sauti ndogo.

"Amina. Sikiliza, mwenyekiti, sina muda. Joram ameniwahi kabla ya maji. Sema tu: kijiji kinadai mtu wake. Nirudi nyumbani."

"Bernadetha, mama yangu, wewe unajua ninavyokuheshimu. Lakini neno kama hilo siwezi kulisema bila kikao halali. Akidi—"

"Si uko kikaoni?"

"Hiki ni cha kula!"

Nikaingilia. "Rubeni, sema maneno hayo. Nitakupigia kampeni mpaka nife."

"Joram, nikisema kwako nitasema kwa wangapi? Watu wataleta—"

"Habari za kazi, mwenyekiti," akasema Mswagaji, kwa upole.

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Mswagaji."

Sahani zikanyamaza. Mtu alianguka na kiti, nadhani ni Wangwe.

"Shikamoo, mzee!" Sijawahi kusikia Rubeni akiamkia mtu hivyo, hata aliyemzaa.

"Marahaba. Nauliza tu. Kijiji kinadai, au hakidai? Ukisema kinadai, nampa mtu wake sasa hivi. Mimi sina kinyongo."

Hapo, msomaji, ilibaki sentensi moja. Si daraja, si barabara, si kisima wanachotuahidi kila mara. Sentensi. Robi alikuwa amefumba macho. Abdurahmani fundi alikuwa ameinua kidole kimoja, kama anayemhesabia mtu mapigo ya wimbo ili asikosee.

"Mzee," akasema Rubeni, "sisi ni watu wa amani. Ushirikiano wetu na wewe ni mzuri, hatujawahi kuuvunja. Kijiji hakina dai lolote. Hizo nyayo haziishii kwetu. Endelea na safari yako salama. Na, mzee, ukipita tena huku, nyumba yangu ni ile ya bati la bluu. Sina shida. Nilikuwa natambulisha tu, ili usije ukaichanganya na nyingine."

"Ya bluu," akasema Mswagaji. "Nimesikia."

Simu ikakatwa.

Nilitukana. Niliyoyasema hayaandikiki. Robi alitukana kwa Kikurya, akaenda mbali zaidi yangu, akaanza na babu yake Rubeni. Nilimshika Bernadetha kwa mikono miwili sasa, nikachimbia miguu mchangani.

"Mzee, tumekubaliana na sheria," nikasema. "Sheria gani hii ya kumwachia mtu kama yule?"

"Ni yenu," akasema Mswagaji. "Mlimpa nyinyi kiti." Hakusema kwa ubaya. Alisogea, akaangalia mchanga, pale nyayo za mwisho za Bernadetha zilipo. "Ila nikwambie kitu kimoja. Dai halifi. Nyayo hizi zikiwepo, zisifutwe, na akija mtu mwenye cheo, cheo chochote cha watu, akayasema maneno yale, mimi nitamrudisha mkeo hapa hapa. Nitakuwa nimefurahi. Hujui nilivyochoka na safari ya kwenda tu."

Kisha akapiga mluzi.

Nilihisi bega linageuka chini ya mkono wangu, kama mlango unaofunguliwa na mtu wa ndani.

"Legeza, Joram," akasema Bernadetha. "Unaniumiza."

"Usiende."

"Siendi. Napelekwa. Wewe ni mfugaji, hujui tofauti?" Akavitoa vidole vyangu kimoja kimoja, bila hasira, kama anavyotoa kupe. Akamgeukia mama yake, wakaangaliana, na yale waliyosemeana ni ya kwao, sikuyasikia, mdomo haukufunguka. Kisha akaniambia, "Mrudishe mama mkono kwa mkono. Lile goti halitapanda mawe lenyewe. Na usijifanye una haya, mmeshapandana."

Akaingia majini. Abdurahmani akampa mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, na nikamsikia akimwambia, "Mimi watu wangu hata sheria yenyewe hawaijui, mama. Wewe umefuatwa." Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Kisha yakawa maji tu. Mswagaji alivuka wa mwisho, katambuga zake shingoni, anapiga chafya.

Mimi na Robi tulikata miiba. Hatukujadiliana. Tulizungushia unyayo mmoja uliobaki mzuri, mbali kidogo na maji, tukaweka matawi, tukaweka mawe. Siku zilizofuata tukajenga kibanda juu yake na kuezeka nyasi, mvua isiufikie. Robi hakurudi Mosongo. Anakaa pale, yeye na Diwani, anafukuza mbuzi, na wachungaji wa ng'ombe wanazunguka mbali kwa kuogopa ulimi wake. Ananiita jina langu sasa, uso kwa uso, na akinipa ugali ananipa mkononi. Watu wanashangaa. Washangae.

Nyumbani wananiita mgane. Walitaka ninyoe nywele, nimekataa. Mgane ni mtu aliyemaliza, mimi sijamaliza. Rubeni amepaka bati lake rangi nyekundu, na mara mbili nimemwona jioni amesimama nje analiangalia, anaona bluu inatokeza kwenye kingo.

Mimi nazunguka. Nimetembea Kenyamonta, nimetembea Genkuru, nimefika Gorong'a kwa miguu, nauliza kila anayekalia kiti. Wengi wananisikiliza mpaka mwisho, wananipa na chai, kisha wananiuliza hizo nyayo ziko mpaka wa nani. Nikishataja, wanapumua: haziishii kwetu. Sijakaa chini tangu siku ile. Haya nayaandika nimesimama, kwenye kaunta ya duka la mtu, na mwenye duka ananitazama kama nitamwibia kalamu. Mawingu yamejaa upande wa Kenya, na nyasi za kibanda hazitabeba masika mawili.

Kwa hiyo nasema na wewe unayesoma. Kama una cheo, chochote, hata katibu wa kikundi cha mazishi, hata kiongozi wa kwaya, mradi ulichaguliwa na watu, njoo mtoni. Nitakusindikiza. Mama mkwe atakupikia. Ukiogopa kuja, piga simu. Bernadetha aliondoka na ile yangu mkononi, hakuna aliyekumbuka, na mpaka leo inaita. Jana nimeipiga kwa simu ya mwenye duka. Ilipokewa. Nilisikia maji, na mtu mzima anaimba taratibu kama fundi aliye kazini, na mwanamke akasema, "Joram, kama ni wewe peke yako kata, usimalize chaji."

Nikakata.

Mwenye duka nimemwachia namba, ataitoa kwa yeyote atakayeuliza. Ukiipiga usilete hotuba. Taja cheo chako, kisha sema: kijiji kinadai mtu wake.